Jambo la Tatu

Kanamkemer, Lodwar
26 Januari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi katika jina la Bwana. Mguu umeacha kuvimba? Na Elie anakwenda shule au anakwenda mpirani? Mimi ni mzima. Joto la hapa ni lile lile la Kakuma. Mama Ewoi, mwenye nyumba yangu, ananitunza vizuri, ila hanipi chai ya asubuhi mpaka nijibu salamu yake ya Kiturkana, "ejok-noi", bila kukosea.

Najua Elie atasema dada yake ni mshamba, mbona hapigi simu. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha: simu ni ya kuulizana kama mtu amekula, barua ni ya mazungumzo. Hii nampa Odongo, dereva wa lile gari la mizigo, atakuletea kanisani.

Habari ni hii. Chuo kimetuunganisha na wanafunzi wa Italia wanaojifunza Kiswahili. Kila Alhamisi tunaingia chumba cha kompyuta, wao wanatokea kwenye skrini, kisha tunaongea nusu saa Kiswahili, nusu saa Kiingereza. Siku ya kwanza tuliganda. Wao wanatutazama, sisi tunawatazama, kama watu kwenye foleni ya zahanati. Mwalimu wetu, Madam Akol, akasema, "Wenzetu wana michezo ya kuanzishia mazungumzo. Wanaiita kuvunja barafu." Ethuro, mwenzangu wa darasani, akadakia, "Barafu hapa Lodwar, Madam? Itakuwa imeyeyuka kabla hatujapata nyundo!" Tulicheka mpaka wale wa upande wa pili wakaanza kucheka bila kujua wanachekea nini. Basi hata mchezo wenyewe ulikuwa umeshaanza.

Kwanza kila mtu alionyesha kitu kilichokuwa karibu na mkono wake na kueleza kwa nini anakipenda. Halafu Madam akatugawa wawili wawili, kila jozi kwenye chumba chake cha mtandaoni, tutafute mambo matatu tunayofanana kabla muda haujaisha. Mimi nilipangwa na msichana anaitwa Chiara. Kiswahili chake kinatembea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini anavuka. Yeye ni kifungua mimba kama mimi na ana mdogo wa kiume. Anaimba kwaya kama mimi. Na jambo la tatu tulilipata dakika ya mwisho kabisa. Madam alisema sisi ndio tuliofanya vizuri kuliko wote.

Msalimie Pasta Gervais na kina mama wote wa kwaya.

Mwanao,
Annick


Kakuma
9 Februari 2025

Annick mwana wangu,

Nakusalimu kwa furaha. Aksanti kwa barua. Mguu umepungua, Mungu ni mwema. Nimeisoma kwa sauti, Elie akijifanya hasikilizi, lakini kwenye barafu alicheka kabla yangu.

Sasa nisikilize. Umetaja mambo mawili, la tatu umelikalia. Mimi nilifundisha darasa la tano kule kwetu, mjini Baraka, kwa miaka mingi kabla vita havijatutoa, siachi hesabu bila jibu. Ni lipi?

Niambie pia habari za huyo Chiara. Wazazi wake wanafanya kazi gani? Msalimie mama yake. Mwambie kuna mama huku Kakuma anayefurahi kwamba watoto wetu wamekutana, na kwamba kama angekuwa karibu ningempikia sombe, majani ya muhogo yenye mawese, mpaka asahau njia ya kwao.

Nasikia chuo chenu kina siku ya wazazi mwezi wa tatu. Nimeanza kuomba ruhusa ya kusafiri. Nimeshona na nguo, kile kitenge cha bluu ulichokuwa unakitamani.

Mama yako,
Mama Annick


Lodwar
2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu za upendo. Mimi sijambo, masomo ni mengi tu, ndiyo maana nimechelewa.

Jambo la tatu si kitu kikubwa. Ni kwamba sote wawili hatupendi samaki. Chiara ni mzima, salamu zako kwa mama yake nimezifikisha, amefurahi sana.

Kuhusu siku ya wazazi, usihangaike. Wameihamisha, na wanasema safari hii ni ya viongozi tu. Isitoshe, njia ni mbaya na mguu wako haujapona sawasawa. Pumzika, Mama. Nitakuja mwenyewe mwezi wa nane.

Mwanao,
Annick


Kakuma
16 Machi 2025

Annick,

Natumaini u mzima. Sisi tuko salama.

Ruhusa ilikuwa imetoka, lakini kama siku imehamishwa, basi. Nguo nimeikunja.

Ila niambie, tangu lini hupendi samaki? Wewe uliyekuwa unang'ang'ania kichwa cha sangara na Elie mpaka mnatoana machozi? Au Lodwar samaki wa ziwani Kalokol wanachacha njiani? Usinijibu kama una mitihani. Nauliza tu.

Mama yako,
Mama Annick


Kakuma
11 Mei 2025

Annick,

Elie ni mzima. Mguu wangu ni mzima. Nimemaliza salamu.

Jumamosi Madam Akol alikuja kanisani kwetu na wanafunzi wachache kuzungumza na vijana juu ya kujiunga na chuo. Hukuniambia kuwa wanakuja. Nilisikia kwa Pasta siku moja kabla, nikasema, watoto wa chuo cha mwanangu hawawezi kuondoka hapa na njaa. Nikapika bugali na sombe. Nikavaa kile kitenge cha bluu.

Walipoketi kula nilikwenda kwa Madam, nikamwambia, "Karibu sana, mwalimu. Mimi ni Mama Annick."

Akasimama, akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye mama mdogo aliyemlea?"

Nikacheka. "Mama mdogo gani? Huyo nilimzaa mwenyewe, tena kwa taabu."

Akaniachia mikono. Nikadhani nimemkosea adabu. Kuna kijana mrefu alikuwa kando yake, nadhani ndiye Ethuro wako, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini tulifanya maombi ya kumkumbuka."

"Kumkumbuka nani?" nikauliza.

Pasta Gervais alikuwa na sahani mkononi, akaiweka chini.

Niliuliza tena, safari hii nilimwuliza kijana. Akasema mnayo video ya darasa, ya siku mliyosimuliana kuhusu watu mnaowapenda, na anayo kwenye simu. Madam akamwambia, "Ethuro, hapana." Mimi nikanyoosha mkono mpaka akanipa.

Nilikuona. Umevaa blauzi niliyokushonea Krismasi. Unasema, "Mama yangu alikuwa mwalimu. Mama yangu alikuwa anaimba sauti ya pili. Alikufa kwa homa ufukoni, tukisubiri mashua." Yule msichana wa Italia analia, na wewe unalia. Si machozi ya kuigiza. Mimi nayajua machozi yako.

Sauti yangu unaisema "alikuwa anaimba". Jumapili iliyotangulia niliimba.

Wageni walikula chakula changu kimya, kama watu walio matangani. Walipoondoka, Mama Nyariek, jirani yangu wa Sudan Kusini, akataka kunichangamsha, akaita kwa sauti, "Jamani, Mama Annick amefufuka!" Kina mama wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nikaenda kuosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa.

Umefanya nini, Annick?

Marie-Claire


Lodwar
18 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Nakuomba usome mpaka mwisho. Madam hajaniambia kitu, ananitazama tu, na Ethuro ananikwepa. Nilijua kuna jambo, ila sikujua ni wewe.

Mama, lilikuwa kosa la lugha. Siku ile ya kwanza nilisema, "Mama hayupo." Nilitaka kusema hayupo hapa Lodwar. Tuliporudi kwenye chumba kikubwa Chiara akarudia mbele ya wote kwamba sisi wawili hatuna mama, na Madam akawaeleza Waitalia kuwa Kiswahili kina adabu, hatusemi mtu amekufa, tunasema hayupo. Wote wakanipa pole. Ningeanzia wapi kuwakatiza?

Na baadaye, nilipoombwa kusimulia, nilimsimulia Mama Mdogo Béatrice. Kwetu mdogo wa mama si ni mama pia? Kwa hiyo sikusema uongo wote.

Tafadhali usisaini jina lako. Saini kama zamani. Nimeitazama ile saini nikashindwa kula.

Mwanao,
Annick


Kakuma
25 Mei 2025

Annick,

Natumaini u mzima, nami ni mzima.

Usinifundishe "hayupo". Nilikuwa naifundisha kabla hujazaliwa. Mtu anaweza kujikwaa kwenye neno hilo mara moja. Lakini kwenye video hukusema hayupo. Ulisema alikufa. Ulisema homa ilimshika siku ya pili, ulisema alishika pindo la kitenge mpaka vidole vikalegea. Kitenge kilikuwa changu. Vidole vilikuwa vya Béatrice. Wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu, hukuona lolote. Yote unayoyajua nilikusimulia mimi, ulipokua, kwa sababu nilitaka awepo mtu mwingine wa kuyatunza nikiondoka.

Mdogo wangu alikufa kwa jina lake mwenyewe. Kaburi tuliloliacha pale hatuwezi hata kulitembelea. Sasa kifo chake umekivua ukanivika mimi, halafu nilipokukamata unamwita yeye aje akutetee. Mwache Béatrice apumzike.

Nina maswali mawili, sitauliza mengine. Siku ya wazazi ilihamishwa kweli? Na kwa nini? Nisikilize vizuri: sikuulizi ilitokeaje. Nakuuliza kwa nini.

Marie-Claire


Lodwar
22 Juni 2025

Mama,

Salamu. Sijui kama nina haki ya kuuliza afya yako, lakini nauliza.

Siku ya wazazi haikuhamishwa. Ilifanyika. Mama Ewoi alikuja akakaa mahali pako.

Salamu zako kwa mama wa Chiara sikuzifikisha. Mama yake alifariki mwaka juzi. Hilo ndilo lililokuwa jambo la tatu. Tulikuwa na mawili, namba za muda zinapungua kwenye skrini, naye akasema, "Mama yangu amekufa. Wewe?" Alisema kama mtu anayenyoosha mkono gizani. Nikaona nikisema wangu yuko hai nitakuwa nimemfungia mlango usoni. Nikasema hayupo. Nilijua atakavyoelewa. Sitaki tena kusema kuwa sikujua.

Ningeweza kumwambia wiki iliyofuata. Sasa nakuja kwenye swali lako la kwa nini. Hapa chuoni nikisema natoka Kakuma, wananiuliza, "Kakuma mjini au kambini?" Nikisema kambini, maswali hayaishi: mnapewa chakula? mama yako anapanga foleni? mtarudi lini kwenu? Ilipojulikana kuwa sina mama, walisema pole wakanyamaza. Nikawa mtu tu. Nilipenda ule ukimya. Na uliposema unakuja siku ya wazazi, nilikuona ukiingia getini na ule mfuko wenye alama ya shirika la msaada, unasalimia kila mtu kwa sauti yako kubwa na Kiswahili cha kwetu, nikaona aibu. Nilikuonea aibu, Mama. Hilo ndilo jibu, sina jingine.

Alhamisi ya wiki mbili zilizopita nilimwomba Madam dakika chache kabla ya mchezo. Nikawasha maikrofoni. Nikasema, "Chiara, mama yangu yuko hai."

Alitabasamu. "Samahani, sijaelewa. Rudia, tafadhali." Alidhani ni Kiswahili chake kimeshindwa.

Nikarudia. Akaandika kwenye daftari, akatazama alichoandika, akasema, "Yuko hai ni... anaishi?" Ilibidi nimwambie kwa Kiingereza, ili nisimwachie hata neno moja la kujificha.

Halafu akasema, kwa Kiswahili, polepole, "Mimi nilikuambia nguo za mama yangu bado ziko kabatini. Sikuambia mtu mwingine." Kisha picha yake ikawa nyeusi. Hajarudi. Madam amenitoa kwenye ile programu mpaka muhula ujao, nami sikubisha. Darasani siku hizi nakaa peke yangu mbele, isipokuwa Ethuro alinisogezea kiti chake juzi.

Sikuombi uamue sasa. Naomba tu nije mwezi wa nane.

Annick


Kakuma
7 Septemba 2025

Annick,

Natumaini ulifika salama na ulimkuta Mama Ewoi mzima. Odongo aliniambia alikushusha penye duka la Kanamkemer, ukamshukuru.

Naandika kwa sababu siku zote ulizokaa hapa sikuweza kusema. Ulipofika mlangoni nilikuambia karibu, nikakupa kiti kile cha wageni, nawe ukakikalia pembeni pembeni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Uliteka maji. Ulifagia mpaka uwanja wa jirani. Elie aliniuliza, "Mama, mbona mnaongea kama watu wa ofisini?"

Jumapili ulisimama mbele ya kanisa, ukaomba nafasi, ukasema, "Huyu ni mama yangu. Nilimkana, na yuko hai." Najua ilikugharimu. Kina mama walipiga vigelegele, Mama Nyariek akacheza mpaka viatu vikamtoka. Mimi nilibaki nimekaa. Walidhani furaha imenizidi. Pasta Gervais peke yake ndiye aliyenitazama, akaanzisha wimbo haraka ili watu wageuke.

Nataka ujue ukweli, maana ukweli ndio tuliokosana juu yake. Nilikusamehe niliposoma barua yako ya Juni. Ile ya aibu ilinichoma, lakini nilishaionea aibu hii kambi mimi mwenyewe, kabla yako, nikitazama mikono yangu iliyokuwa inashika chaki. Kwa hilo sina kisasi nawe.

Kukuamini ndiko kumenishinda. Jioni ile uliposema umeshiba, nilisubiri utoke, nikafunua sufuria nikaangalia kama kweli ulikula. Na ulipolia umeinamia ndoo ya maji, nilijikuta nakutazama usoni nikitafuta kama machozi ni ya kweli, kwa sababu nilishayaona hayo hayo ukiyamwaga kwa ajili ya kifo changu, na yalikuwa mazuri. Mama hatakiwi kumtazama mwanawe hivyo. Niligeuka, nikaenda kuchochea moto ambao haukuwa na kitu juu yake.

Umesema unamwandikia Chiara na hajibu. Usimlilie tena. Mwandikie mara moja, umwombe radhi bila kueleza sababu, umwachie. Mimi angalau nilipata kukasirika nikiwa hai. Yeye alikuletea msiba wake wa kweli, ukampokea kwa msiba wa kuazima. Hilo kosa ni kubwa kuliko ulilonitendea mimi, na kanisani hukulitaja.

Soma kwa bidii. Vaa viatu, miiba ya Kanamkemer ni mibaya. Kwa sasa usiniandikie. Siku nitakayoweza kusoma maneno yako bila kuyageuza upande wa pili, nitampa Odongo barua. Isipofika, usidhani imepotea njiani.

Mama yako,
Marie-Claire